Quilotoa kwa siku moja: kweli au si kweli?

Wageni wengi wanaofika Quito, mji mkuu wa Ekuador, huambiwa wasiondoke bila kuliona ziwa la Quilotoa, lile la kijani lililojaa ndani ya volkano iliyobomoka. Unatoka alfajiri, unapiga picha, jioni umerudi mjini unakula. Safari yenye sifa nyepesi namna hii huzaa maneno mengi, na baadhi yake yanaweza kumuumiza mtu.

"Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo." Kweli.
Kutoka Quito ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari: kusini mpaka Latacunga, kisha magharibi kupitia Pujilí, Tigua na Zumbahua. Ukiangukia Jumamosi, simama Zumbahua, maana ndiyo siku ya gulio. Tigua nako wapo wenyeji wa jamii ya Wakichwa wanaochora maisha ya vijijini kwa rangi kali juu ya ngozi ya kondoo. Wanaokimbilia ziwa tu huvipita vyote hivyo wamelala kwenye viti.

"Ziwa halina mwisho kwenda chini." Si kweli.
Hii ni hadithi ya wenyeji, na ukisimama ukingoni huwezi kuwalaumu. Lakini kina kimepimwa: ni mita 250 hivi. Miaka kama 800 iliyopita mlima huu ulilipuka vibaya sana. Majivu yalitapakaa Andes ya kaskazini, na mafuriko ya tope la volkano yakateremka mabondeni mpaka Bahari ya Pasifiki. Chumba cha miamba iliyoyeyuka kilipokuwa kitupu, paa lake likaporomoka na kuacha shimo lenye upana wa kilomita 3 hivi. Ngorongoro ilizaliwa kwa njia hiyohiyo, ila huko maji hayakujaza shimo. Vumbi jeupe litakaloingia viatuni mwako ukishuka, na vile vijiwe vyepesi vyenye vitundu, ni masalia ya volkano hiyohiyo.

"Volkano yenyewe ilishakufa." Si kweli.
Imelala tu. Chini ya ziwa kuna matundu yanayotoa gesi, na upande wa mashariki wa mlima zipo chemchemi za maji moto. Wanasayansi wameyachunguza maji ya kina kwa sababu yamebeba kaboni dioksaidi nyingi, gesi ileile inayofuatiliwa ziwa Kivu na iliyoua watu zaidi ya 1,700 kando ya ziwa Nyos, Kameruni, mwaka 1986. Hilo lisikufanye uahirishe safari, lakini anayekwambia pale pamekufa usimsikilize.

"Maji yale ya kijani ni safi, yanywe." Si kweli.
Rangi inatokana na madini, na hubadilika jua likipita nyuma ya wingu. Maji yana chumvi. Beba yako.

"Ni karibu na ikweta, baridi itoke wapi?" Si kweli.
Ikweta ipo karibu, ndiyo, lakini ukingo wa Quilotoa uko juu ya mita 3,800, na sehemu zake za juu zaidi hupita 3,900. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wataelewa: ni juu zaidi ya kambi ya Horombo. Upepo wa pale hauna simile. Wakati huohuo jua linachoma hata mawingu yakitanda, kwa kuwa hewa nyepesi haichuji mionzi vizuri. Koti zito na kofia pana vyote viwili vinahitajika, tena ndani ya saa moja.

"Mwenye mazoezi haumwi na mwinuko." Si kweli, na hili ndilo la hatari.
Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa ya Quilotoa, sawa na Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo, kiasi kwamba kila pumzi inakupa chini ya theluthi mbili ya oksijeni uliyoizoea pwani. Mapafu ya mwanariadha hayana msamaha. Pengine yeye ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hukimbilia kupanda huku kichwa kinamgonga na kichefuchefu kinamsumbua.

Safari ya siku moja ina nafuu yake: dalili huchukua saa kadhaa kujitokeza, na wengi huwa wameshateremka. Ila usiingie mtego huu. Kanuni ya kuumwa na mwinuko ni kushuka, na mgonjwa akisikia hivyo huona ziwa liko palepale chini. Ziwa lenyewe liko mita 3,500, na ili utoke humo lazima upande tena! Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umekaa, panda gari mpaka Latacunga.

"Kushuka ziwani ni nusu saa tu." Kweli, ila sentensi haijaisha.
Sisi tunasema mpanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma, Quilotoa imegeuza. Kushuka kwenye mchanga ni mtelezo. Kupanda ni saa nzima au zaidi, na kila hatua mbili mguu unarudi nusu. Wenye nyumbu (wa kubeba mizigo, si wale wa Serengeti) wanalijua hilo, ndiyo maana wanakusubiri ufukweni bila haraka. Wala si aibu kuwapanda. Fedha ya Ekuador tangu mwaka 2000 ni dola ya Marekani, basi weka noti ndogondogo mfukoni.

Ukitua Quito kutoka pwani leo, usiende Quilotoa kesho. Lala hapo usiku mbili au tatu, mwili uzoee mita 2,850 kwanza. Na kama umekuja kwa basi la abiria, uliza saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujaanza kushuka ziwani.