Fahamu: Viza ya kutunza wazee Uingereza

Tangu Julai 22, 2025, Uingereza haipokei maombi mapya ya viza ya watunza wazee kutoka nje ya nchi. Mlango huo ulifunguliwa Februari 2022, nyumba za wazee zilipopungukiwa mno na wafanyakazi. Machi 2024 waombaji wapya wakazuiwa kwenda na mwenza au watoto.

Kinachouma zaidi ni dhuluma. Mawakala waliwatoza watu fedha nyingi, wengine wakafika wakakuta kazi hakuna. Viza ilimfunga mtu kwa mwajiri wake; mwajiri akipoteza leseni ya kuajiri wageni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kupata mwingine. Na hawa ndio wanaowaogesha wazee, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda!

Wakala anayekuuzia nafasi hiyo leo ukiwa Nairobi au Dar es Salaam, usimpe hata senti.