Mfuko wa pikipiki waweza kukuvunja mguu

Na DAKTARI WETU

MWALIMU mmoja alikuja kliniki kwangu hivi majuzi akitembelea magongo, mguu wake wa kulia ukiwa kwenye plasta. Alikuwa akisafiri kwa pikipiki kutoka Maralal kwenda Baragoi. Hakugongwa na gari wala hakuwa akienda kasi. Gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga wa lagga, naye akateremsha mguu chini ili asianguke. Sanduku la alumini alilokuwa amelifunga kando likamfikia kwa nyuma, likaubana mguu ardhini. Mfupa wa muundi ukavunjika.

"Daktari, kosa langu lilikuwa nini?" aliniuliza.

Nilimwambia kosa lilifanyika dukani, siku aliponunua sanduku hilo.

Wakazi wengi wa mijini hupenda pikipiki zinazoweza kwenda kwenye lami na pia kwenye njia za mawe. Wakienda kununua mifuko ya safari, swali lao huwa ni moja: Unabeba vitu vingapi? Mimi kama daktari ningependa msomaji aanze na swali jingine: Siku nitakayoanguka, mzigo huu utanifanya nini? Katika mchanga na mawe, hata dereva hodari huanguka.

Mgumu au laini?

Sanduku gumu lina faida zake. Lina kufuli, halipitishi mvua, na linafaa sana kwa safari za lami. Lakini njiani kwenye mawe ni hatari kwa miguu. Mfuko laini wa turubai au wa plastiki nzito hubonyea unapokugusa. Hata hivyo, ukiujaza spana na mikebe, utakuumiza vilevile. Upande unaoelekea mguu weka nguo na blanketi. Nawe uvae buti ngumu zinazofunika muundi na kifundo cha mguu.

Shanta mgongoni

Wengine huona ni rahisi kubeba kila kitu mgongoni. Ukianguka chali, spana na pampu vilivyo ndani ya shanta hubaki kati ya ardhi na uti wako wa mgongo. Hata usipoanguka, mabega na kiuno vitachoka, kwa kuwa njia mbovu hukulazimisha kusimama juu ya vikanyagio mara kwa mara. Mgongoni beba maji tu, na uyanywe kidogo kidogo kabla kiu haijakushika.

Uzito uwe chini

Vitu vizito viwekwe chini na karibu na katikati ya pikipiki. Ukivirundika nyuma kabisa juu ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hutangatanga. Dereva hukaza mikono kwa nguvu, vidole vikafa ganzi, na uchovu huo ndio mama wa ajali nyingi.

Soma pia kijitabu cha pikipiki yako. Uzito wa juu uliotajwa humo hujumlisha dereva, abiria na mizigo. Tuseme ni kilo 155, na wewe na mavazi yako ni kilo 90. Umebakiwa na kilo 65 tu, na keria na mifuko yenyewe imo ndani ya hizo.

Ekzosi na kamba

Mfuko laini ukigusa ekzosi huyeyuka au kushika moto. Hakikisha kuna nafasi ya kutosha au kibati cha kukinga joto. Kamba zisizofungwa vizuri nazo huingia kwenye gurudumu au mnyororo. Mtu akiungua kwa ekzosi, mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala siagi.

Dawa ziko wapi?

Mwalimu wetu alikuwa na bandeji na tembe za maumivu. Bahati mbaya zilikuwa chini kabisa ya sanduku lile lile lililombana. Alilala juani hadi wapita njia walipomwinulia pikipiki.

Kwa hiyo bandeji, pamba, glavu na simu vikae mwilini mwako, katika mfuko wa koti au wa kiunoni. Mwenye pumu abebe hivyo hivyo dawa yake ya kuvuta. Anayetumia insulini aikinge na joto la jua na la injini. Mfuko wa juu ya tangi unafaa, mradi uwe mdogo na laini, kwani pikipiki ikisimama ghafla tumbo lako hutupwa juu yake.

Kabla hujalipa

Mwombe mwenye duka akufungie mifuko kwenye pikipiki yako. Simama juu ya vikanyagio. Kisha keti, teremsha mguu mmoja chini, na mwenzako aisukume pikipiki mbele polepole. Kitu kigumu kikigusa nyuma ya mguu wako, mwambie muuzaji akifungue. Hakikufai, hata kikiwa kizuri namna gani.

Mwalimu aliniuliza kama ataendesha tena. Nilimwambia ndiyo, mfupa ukishaunga na misuli ikipata nguvu. Amekwisha kuliuza lile sanduku.