Radiatere inayovuja: fundi mzuri anajua kungoja



Siku ya yenga moja, kisha chakula cha muchana, kijana mmoja mtumikaji alifika katika dispanseri yetu, mkono wa kuume umefungwa ndani ya taulo. Bibi yake alikuwa amepaka dawa ya meno juu ya mkono wote. Tulipoiondoa pole pole, ngozi ilikuja pamoja nayo. Kijana huyo hakuumia chini ya udongo, wala katika mashini ya kusaga mawe. Aliumia mbele ya nyumba yake, siku ya kupumzika, sababu alifungua bushoni ya radiatere ya motokari.

Motokari yenyewe ni Peugeot 504 coupé, yenye milango 2, ile ambayo mwili wake ulichorwa na kutengenezwa kwa Pininfarina, kule Italia. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika mwaka 1969, na waliacha kuitengeneza katika mwaka 1983. Ni kusema hata ile iliyo changa kabisa imekwisha kupita miaka 40. Kijana wetu aliinunua kwa bei ndogo, kwani radiatere yake ilikuwa inavuja. Alifikiri hivi: tundu ni dogo, basi kazi pia ni ndogo.

Hatutaki kukataza mtu kutengeneza motokari yake mwenyewe. Franga za garaji ni nyingi, na wengi wetu ni mafundi. Lakini kazi hii ina hatari tatu: mvuke, risasi, na maji matamu yenye sumu. Tuzione moja moja, pamoja na kazi yenyewe.

KWA NINI MAJI YANARUKA

Mama anayepika maharagwe Lubumbashi anajua kwamba yanakawia kuiva kuliko kule Matadi. Sababu ni kwamba mji wetu uko karibu mita 1 200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1 400. Huku kwetu maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 96, si 100.

Ndani ya radiatere ni mambo mengine. Bushoni ina resori inayoyafungia maji kwa nguvu, hivi yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukifungua bushoni, ile nguvu inatoka mara moja. Maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa wakati uleule, na yanaruka pamoja na mvuke mpaka usoni. Hakuna mtu mwenye mbio ya kutosha kuyakimbia.

Basi fanya hivi. Zima motere. Ngojea mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya radiatere na kukiacha pale bila kusikia moto. Saa moja mara nyingi haitoshi. Kesho asubuhi ni vizuri zaidi. Kisha funika bushoni na kitambaa kinene, weka uso mbali, zungusha kidogo tu, ngojea sauti ya mvuke iishe, ndipo uiondoe.

Tena, usimwange maji ya baridi ndani ya motere yenye moto. Kichwa cha motere ya 504 ni cha aluminiomu. Kikipata baridi kwa gafula kinaweza kujipinda ao kupasuka, na hapo bei yake itapita bei ya radiatere mara nyingi.

TAFUTA TUNDU KWANZA

Mara nyingi radiatere inashitakiwa bure. Angalia kwanza mipira ya maji na zile pete za chuma zinazoibana: pengine kukaza bisi moja kunamaliza taabu yote. Angalia mpira wa ndani ya bushoni, kama haujakauka na kupasuka. Angalia chini ya pompe ya maji. Mahali panapovuja panaacha alama: chumvi nyeupe, rangi ya kijani, ao kutu.

Kama ni radiatere yenyewe, ondoa kwanza waya ya batri. Katika motokari zingine ventilatere ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe, hata motere imezimwa, na inakata vidole. Ukiinua motokari, usiingie chini yake kama inashikwa na kriki peke yake ao na matofali. Weka vigingi vya chuma vya nguvu, na funga magurudumu. Pokea maji yote ndani ya beseni. Kisha ondoa radiatere.

Sasa fanya kama vile unatafuta tundu katika mpira wa kinga. Ziba midomo yote ya radiatere, iingize katika beseni kubwa la maji, na tia pepo kidogo kwa pompe ya kinga. Mapovu yatakuonyesha mahali. Weka alama. Usitumie pepo ya mashini ya atelie: nguvu yake inaweza kupasua radiatere mbele ya macho yako.

Wengine wanatia yai, unga wa haradali ao dawa ya chupa inayouzwa kwa kuziba matundu. Ile dawa ya chupa inaweza kukufikisha nyumbani, kama umefuata kipimo kilichoandikwa. Lakini yai na unga haviwezi kuchagua tundu: vinaziba pia njia nyembamba za maji, na motere itazidi kupata moto.

KUSUDE, NA HATARI YA RISASI

Radiatere za motokari nyingi za miaka ile ni za shaba nyekundu, na masanduku yake ya juu na ya chini ni ya shaba ya njano, ni kusema shaba iliyochanganywa na zinki. Sisi watu wa Katanga tunavijua hivyo vyote viwili. Metali hizo zinakubali kusudewa nyumbani. Lakini kama radiatere ni ya aluminiomu yenye masanduku ya plastiki, uache: iende kwa fundi ao ibadilishwe.

Kwanza osha, kausha, na sugua mahali pa tundu mpaka shaba ing'ae. Mahali penye mafuta ao kutu, sudire haishiki. Paka asidi ya kusude, pasha shaba moto, na acha sudire iyeyuke yenyewe juu ya shaba. Tumia chuma cha kusude kikubwa, chenye kichwa cha shaba. Usipende shalimo. Sudire ya bati na risasi inayeyuka karibu na digri 190, na fundi wa kwanza aliunga radiatere yote kwa sudire ya namna ileile. Moto wa shalimo utaziba tundu moja na kufungua mengine matatu. Kama bomba moja jembamba limeoza, unaweza kuliziba pande zote mbili. Lakini ukifika mabomba mengi, radiatere haitaweza tena kupoza motere. Mwisho, osha asidi yote kwa maji na bikaribonati, kwani ikibaki itaendelea kula shaba.

Sasa, hatari ya pili. Risasi iliyo katika sudire ni sumu isiyo na haraka. Haitoi harufu, haiwashi, haichomi. Inaingia na vumbi unapokwangua sudire ya zamani, na moshi unapozidisha moto, na sana sana inaingia kwa mikono unapokula mkate ao kuvuta sigara bila kunawa. Inaharibu damu, figo na akili. OMS imesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa si hatari, na watoto ndio wanaopata hasara kubwa, hata katika masomo yao.

Kwa hiyo fanyia kazi nje, mbali na jiko na mahali watoto wanapocheza. Lowesha maji kidogo kabla ya kukwangua, ili vumbi lisiruke. Vaa miwani, kwani asidi inaruka. Usifagie vumbi makavu. Lipanguse na kitambaa chenye maji, kisha kitupe. Nawa kwa sabuni mbele ya kula. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto. Mama mwenye mimba asikae karibu. Kuna pia sudire isiyo na risasi: ukiipata, uichague.

MAJI MATAMU YENYE KUUA

Hatari ya tatu ni ile niliyoona siku ileile. Nilipokwenda jioni kumwangalia kijana wetu nyumbani, niliona maji ya kijani ya radiatere yamewekwa ndani ya chupa ya limonadi, chini ya dirisha. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa amekaa karibu nayo, anachezea kifuniko. Nilimuliza mama kama mtoto amekunywa. Hapana, kifuniko kilikuwa kingali kimefungwa. Namna hiyo tu tuliponea.

Maji yale yana antijeli. Katika nyingi ndani yake kuna etilene glikoli, na ladha yake ni tamu, kwa hiyo watoto na imbwa wanaipenda. Kwa mtu mzima, karibu mililita 100, ni kusema glasi ndogo, zinaweza kuua. Kwa mtoto ni kidogo sana. Kwanza anaonekana kama mtu aliyelewa, anatapika, anasinzia. Kisha anapumua kwa haraka. Siku inayofuata ao ile ya pili, figo zinaacha kufanya kazi.

Kama mtu amekunywa, usingoje alama. Usimtapishe, usimpe maziwa ao pombe. Mpeleke katika hopitali mara moja, pamoja na ile chupa, ili munganga ajue ni nini. Dawa iko, lakini inasaidia vizuri ikianza katika saa za kwanza.

Maji hayo yawekwe katika chombo chenye alama, kinachofungwa sawasawa, juu ya kabati lenye ufunguo. Usiyamwange katika mufereji.

KUJAZA TENA

Rudisha radiatere, kaza mipira, rudisha waya ya batri. Changanya maji safi yasiyo na chumvi pamoja na antijeli, nusu kwa nusu. Usiseme: huku hakuna barafu, maji ya robine yanatosha. Antijeli inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Jaza pole pole ili pepo itoke, funga bushoni, washa motere, na chunga sindano ya moto. Kesho yake, motere ikiwa baridi, angalia kipimo cha maji. Kama yanaendelea kupunguka bila kuonekana nje, ao mafuta ya motere yamekuwa meupe kama maziwa, taabu haiko tena katika radiatere. Peleka motokari kwa fundi wa motere.

UKIUNGUA

Weka mahali palipoungua chini ya maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Ondoa pete, saa na nguo, ila si nguo iliyoshikamana na ngozi. Hapana dawa ya meno, hapana mafuta, hapana yai, hapana barafu. Funika kwa kitambaa safi. Kama ni uso, jicho, mkono, ao kama kidonda kinapita ukubwa wa kiganja cha mwenye kuungua, njoo kwetu mara moja.

Kijana wetu alipona kisha wiki nyingi. Radiatere yake tuliisude siku ya posho moja, pamoja na fundi mmoja mzee aliyekwisha kupumzika kazi. Kazi yote, kutoka mapovu mpaka kujaza maji, ilitufanyia nusu ya siku, na mpaka leo haijavuja tena. Lakini kidole kidogo cha mkono wake wa kuume hakinyooki tena sawasawa.

Kila jioni tunaacha kofia na viatu vya usalama kule kazini. Usalama wenyewe, ndugu watumikaji, turudi nao nyumbani.