Msiogope mamba peke yake

Ukitoka Migori na jamaa yako kwenda kupunga upepo ufuoni Homa Bay, bila shaka utawaonya watoto juu ya kiboko na mamba. Ndivyo binadamu alivyo: huogopa kikubwa, akapuuza kidogo. Lakini kwenye gugumaji, mmea uliosambaa Ziwa Victoria miaka ya 1990, hukaa konokono wanaoeneza kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwao hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Baadaye mtoto huumwa tumbo na kuhara damu. Asipotibiwa, miaka ikipita ini huharibika.

Watoto wacheze mchangani. Aliyeingia majini apimwe choo baada ya miezi miwili, kwani mapema mayai huenda yasionekane. Dawa ya prazikwanteli huponya.