Nyumba yenye kesi Johannesburg

Mwenye mgogoro wa ardhi Nairobi au Dar es Salaam anajua pa kukimbilia. Anakwenda ofisi ya ardhi, anajaza fomu, anaapa, na zuio linawekwa kwenye hati kabla mwenzake hajauza. Kenya inaruhusu hivyo katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Tanzania ina kaveti katika sheria yake ya usajili, Sura ya 334. Katika majimbo mengi ya Marekani mdai husajili tangazo kwamba kiwanja kina kesi, na anayenunua baadaye huhesabiwa kuwa alijua.

Akija Johannesburg na mazoea hayo, atakwama dirishani.

Afrika Kusini haina fomu ya namna hiyo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Hati, namba 47 ya 1937, msajili hasimamishi uhamisho kwa sababu tu ameletewa barua ya malalamiko, hata kama imeandikwa na wakili. Kwa mdai wa kawaida, kinachofunga mlango ni amri ya mahakama. Amri hiyo ikishaingizwa kwenye daftari, wakaguzi wanaopitia nyaraka za mauzo wanaikuta, na uhamisho unasimama.

Kwa hiyo safari huanzia Mahakama Kuu, Mtaa wa Pritchard. Mwombaji aonyeshe kwamba ana haki, walau kwa mtazamo wa awali, kwamba nyumba ikiuzwa ataumia bila kufidika, na kwamba hana njia nyingine ya kujinusuru. Mawakili bado wanainukuu kesi ya Setlogelo ya 1914 kuhusu vigezo hivi. Maombi ya dharura kwa kawaida husikilizwa kuanzia Jumanne saa nne asubuhi, na nyaraka ziwe zimefika kabla ya saa sita mchana Alhamisi iliyotangulia. Anayesubiri mpaka mnunuzi amekwisha kulipa na nyaraka zimo mezani kwa msajili anashindana na siku chache tu za kazi.

Nyumba ikiuzwa katikati ya kesi, mdai hajapoteza kila kitu. Sheria ya nchi hiyo, iliyorithi mizizi ya Kirumi na Kiholanzi, huihesabu mali kuwa iko mahakamani tangu wito unapomfikia mdaiwa, iwapo kinachodaiwa ni umiliki wenyewe. Madai ya mkataba husubiri mpaka pande zote zikamilishe maandishi yao ya kesi. Mnunuzi wa mali kama hiyo anaweza kubanwa na hukumu. Lakini kumfukuzia mnunuzi ni kazi ndefu na ya gharama zaidi kuliko kumzuia muuzaji.

Umuhimu wa daftari ulionekana wazi Agosti 2017. Manispaa, Tshwane ikiwamo, zilitaka wamiliki wapya walipe madeni ya maji na umeme ya waliowatangulia. Mahakama ya Katiba, iliyoko Braamfontein, ilikataa. Jaji Edwin Cameron aliandika kwamba deni lisilosajiliwa kwenye hati halimfuati mnunuzi.

Warithi wana mlango mmoja zaidi, na wengi hawaujui. Msimamizi wa mirathi anayeuza nyumba ya marehemu hawezi kuihamisha bila cheti cha Master wa Mahakama Kuu, afisa anayesimamia mirathi, kinachothibitisha kuwa hakuna pingamizi. Ndugu mwenye hoja apeleke pingamizi lake huko kwa maandishi, pamoja na vielelezo, kabla cheti hakijatolewa.