MIFUMO MIWILI KATIKA KOMPYUTA MOJA

Wengi wenu mnatuuliza neno moja: «Je, twaweza kuweka Linux katika kompyuta yenye Windows, pasipo kuipoteza Windows?» Swali hili si la mchezo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haipati tena marekebisho ya ulinzi, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kwa muda mfupi wa nyongeza. Na kompyuta nyingi za inchi yetu, zile tuzoeazo kuziita ordinatere, haziwezi kupokea Windows 11, kwani hiyo yadai kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani. Basi, tuzitupe? Hapana. Lakini kuiacha Windows mara moja ni vigumu vile vile, maana pengine programu ya hesabu au ya maksi za wanafunzi haifanyi kazi fasi ingine. Dawa ni kuwa na mifumo yote miwili.

I. Maana yake ni nini?

Kompyuta pasipo mfumo-endeshi ni gari pasipo dereva. Madereva wawili waweza kupokezana gari moja, lakini kiti cha dereva ni kimoja tu. Ndivyo ilivyo hapa: ukiwasha mashini unachagua mfumo mmoja, ukitaka wa pili, lazima uzime na kuwasha tena.

Kila mfumo wataka chumba chake ndani ya diski. Hawalali pamoja. Na mlangoni yuko bawabu, programu ndogo iitwayo GRUB: kila mara mashini inapowaka, huuliza, «Waenda chumba gani?»

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, katika Finland. Iko ya namna nyingi. Sisi tunachukua Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halihitaji mkalimani kwetu: ubuntu ni utu. Nayo hutolewa bure.

II. Kabla ya kuanza

Hapa ndipo watu wanapokosea, na sisi tulikosea. Jioni moja tulimsaidia mwalimu fulani. Tulikuwa na haraka, betri ilikuwa karibu kwisha, tukabonyeza jibu la kufuta diski yote. Mitihani na maksi za miaka minne zilipotea kwa dakika chache. Mwalimu hakutukaripia, alinyamaza tu, na kimya kile kilituumiza kupita makaripio. Tangu siku ile twashika mambo manne, wala hatuanzi kabla hayajatimia:

1. Nakili maandiko yako yote kwenye diski ya nje. Kisha fungua mawili matatu katika kompyuta ingine, kusudi uhakikishe kwamba yanasomeka. Nakala isiyojaribiwa si nakala.

2. Tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa kuokoa, tarakimu 48. Bila huo, Windows yaweza kukataa kukufungulia.

3. Ndani ya Windows yenyewe, kwa programu yake ya kusimamia diski, punguza chumba cha Windows, uache fasi tupu. Ubuntu yataka gigabaiti 25. 50 ni bora.

4. Windows ina desturi ya kuzima nusu-nusu, ili iwake upesi. Kumbe chumba chake hubaki kama kimefungwa kwa ndani, na Linux haiwezi kuandika humo. Iondoe desturi hiyo kwa amri hii, ukiitoa kama msimamizi wa mashini: powercfg /h off.

III. Kuweka Ubuntu

Windows itangulie, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows hujiweka mbele bila kumjali bawabu, nawe huoni tena njia ya kufika Linux.

Pakua Ubuntu kutoka intaneti. Ni karibu gigabaiti 6, mzigo mzito kwa mfuko. Afadhali mmoja apakue, wengine wanakili kwake. Kwa programu kama Rufus, iandike kwenye fleshi ya gigabaiti 16. Angalia: kila kilichokuwa ndani ya fleshi kitafutika.

Washa kompyuta kwa fleshi hiyo. Usiweke upesi! Chagua kwanza kuijaribu tu, bila kugusa diski. Tazama kama intaneti inaingia, kama sauti inasikika, kama herufi zafuata vidole vyako. Kwetu vibao vingi ni vya AZERTY, lakini kile cha Ubelgiji na kile cha Ufaransa havilingani. Ukikosea hapa, hata neno lako la siri litakataliwa kesho.

Kisha yaja swali kubwa. Mashini huuliza: uweke Ubuntu kando ya Windows, ama ufute diski yote? Jibu ni la kwanza. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza, na betri iwe imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi hii, hasara ni yako.

IV. Kuishi pamoja

Usishangae ukiona saa imepotoka. Linux huweka saa ya ndani ya mashini kwa majira ya UTC, Windows huidhani ni saa ya mahali. Kwa hiyo katika Lubumbashi au Bukavu, Windows itachelewa saa mbili. Katika Kinshasa, saa moja. Ndani ya Linux toa amri timedatectl set-local-rtc 1, nazo zitapatana.

Tena, Linux husoma maandiko ya Windows, lakini Windows kwa kawaida haioni ya Linux. Maandiko ya kutumiwa pande zote yakae upande wa Windows.

Siku moja, baada ya marekebisho, yaweza kutokea bawabu asionekane, Windows ikawaka peke yake. Usilie. Katika mashini za UEFI, mara nyingi yatosha kuingia katika mapangilio ya mashini na kurudisha Ubuntu mbele katika orodha ya kuwasha.

Mwisho, gawanya kazi. Kwa intaneti, kwa barua, kwa benki, tumia Linux, kwani ndiyo inayopata marekebisho: Ubuntu 24.04, ya mwaka 2024, imeahidiwa miaka 5. Windows 10 ibaki na ile programu moja isiyohama, na intaneti ikiwa imekatwa. Mtu akiweka mifumo miwili, halafu akaendelea kutembea katika intaneti kwa ile isiyolindwa, amejenga chumba kipya na kulala nje.