Ukuta si pambo: jinsi kinga inavyoamua vita vya mezani

Wengi humu kafe tunacheza gemu za kivita kwenye kompyuta, na kila mtu anajua ukisimama katikati ya uwanja umekwisha. Leo nawaletea babu wa hizo gemu: vita vya mezani. Askari ni visanamu vya milimita 28 hivi, unavisogeza kwa kupima na tepu, halafu unarusha dadu kujua nani kapigwa. Swali ni hili: kisanamu cha plastiki kinajikingaje nyuma ya ukuta wa boksi?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mwandishi Mwingereza H.G. Wells alitoa kitabu chake cha sheria, Little Wars, mwaka 1913. Kwake mizinga ya kuchezea ilikuwa na springi, inafyatua kijiti kweli kweli. Nyumba ya mbao ikiwa mbele ya askari, kijiti kinagonga nyumba, askari kapona. Hakuna ubishi!

Michezo mingi ya leo haifyatui kitu, kwa hiyo kinga inabidi iandikwe kwenye sheria. Tuchukue Bolt Action, mchezo wa Vita Kuu ya Pili uliotoka Uingereza mwaka 2012. Hesabu zangu ni za toleo la pili la 2016. Toleo la tatu lilitoka 2024 na lina mabadiliko, ukilipata soma kwanza.

Kabla ya kupiga, unajiuliza maswali mawili.

La kwanza: namuona? Unainama mpaka jicho lako liwe usawa wa kichwa cha askari wako. Kama nyumba au kilima kimemziba adui kabisa, hupigi.

La pili: risasi inapita? Hapa ndipo wengi wanachanganya, maana maficho si kinga. Kichaka kinamficha mtu lakini risasi inapenya. Ukuta wa mawe unaizuia. Ndiyo maana kichaka kinahesabiwa kinga laini, kinapunguza 1 kwenye dadu ya mpigaji, na ukuta ni kinga ngumu, unapunguza 2.

Sasa twende kwenye hesabu. Una askari 10 wenye bunduki, wametulia, adui yuko umbali wa inchi 12. Kila askari anarusha dadu moja, akipata 3 au zaidi risasi imelenga. Kila iliyolenga inarushwa tena, na 4 au zaidi inamuua askari wa kawaida. Kwa wastani inakuwa hivi:

- Adui uwanjani: risasi 6 au 7 zinalenga, watatu wanakufa.
- Nyuma ya kichaka: zinalenga 5, wanakufa wawili au watatu.
- Nyuma ya ukuta: zinalenga 3 hivi, wanakufa mmoja au wawili.
- Nyuma ya ukuta NA wamelala chini: kulala kunapunguza 2 nyingine, sasa unahitaji 7. Dadu haina 7! Inabidi upate 6 halafu 6 tena, yaani nafasi 1 kati ya 36. Noma.

Utasema basi tulale wote tushinde. Thubutu! Aliyelala hapigi risasi zamu hiyo, na mechi ya kawaida ina zamu 6 hivi. Ukilala zote, mwenzako anachukua uwanja anakuangalia.

Msitu nao una bei yake. Askari wa miguu akikimbia anakwenda inchi 12, lakini msituni haruhusiwi kukimbia, anatembea 6. Kuvuka inchi 24 za uwanja mtupu ni zamu 2, ila ukikutana na wale bunduki 10 unaweza kufika na nusu ya kikosi. Kupita msituni unafika na watu wengi zaidi, lakini umekula zamu 4 kati ya 6. Kwa hiyo unachagua ulipe kwa damu au ulipe kwa muda.

Na hii ndiyo ishu yenyewe: anayepanga meza anaweza kuamua mshindi kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Meza tupu inampa raha mwenye bunduki za mbali. Meza iliyojaa vichaka na kuta inampa raha anayependa kusogea karibu. Dawa yake ni mbili. Kwanza, kabla ya kuanza mguse kila kitu mezani mkubaliane: hiki laini, hiki ngumu, huu msitu. Mkisubiri mpaka mtu apigwe, mtagombana tu. Pili, mkishapanga, dadu ndiyo iamue nani akae upande gani. Hapo hakuna atakayejipangia ngome, maana inaweza kumwangukia mwenzake.

Na usiseme huna hela. Boksi la viatu ni nyumba, sponji ya vyombo iliyokatwakatwa ni vichaka, kokoto ni ukuta, vizibo vya soda ni askari. Wells mwenyewe alianza kwa kupanga vitabu vikubwa sakafuni viwe ndiyo nchi.

Haya mdau, kikosi chako kiko upande huu, adui yuko nyuma ya ukuta inchi 24 mbele, msitu uko kulia, zamu ni 6. Unapita wapi? Tupia jibu lako hapo chini, na useme kwa nini!